Slaidi Saba za Ijumaa

Mimi ni mwoga, na nimekuwa mwoga tangu utotoni. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za ujasiri. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, nilikuwa taipisti katika ofisi ndogo ya shirika la afya, kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa makamo, mtu wa Machakos, aliyepiga taipu humo tangu ofisi ilipofunguliwa. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipoajiriwa nikiwa sijui hata kubadilisha utepe wa mashine. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu, na tulikuwa tukigawana chapati moja saa nne bila kuulizana.

Asubuhi moja mkubwa wetu akatoka chumbani mwake, akasimama kati ya meza zetu. Juzi yake alikuwa amehudhuria mkutano mjini, akaona watu wakieleza kazi zao ukutani kwa kompyuta, picha moja baada ya nyingine, na chati zake za karatasi zikamtia aibu.

"Wafadhili wanakuja Ijumaa, wiki tatu kutoka sasa," akasema. "Nataka na sisi tuwe na slaidi. Kompyuta na projekta tutakodi hiyo siku. Na niwaambie ukweli, mwisho wa mwezi nitabaki na taipisti mmoja, mwenye anajua kompyuta. Sasa nani anajua?"

"Mimi sijui," mama akasema, akaendelea kupanga karatasi zake.

"Na wewe?"

Nyumbani Gatwekera, kule Kibera, nilikuwa nikiishi na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha tatu. Mama yetu mzazi alikuwa kule kwetu upande wa ziwa, na mtoto wake mwenye kazi nilikuwa mimi tu. Niliona sura zao wote wawili kabla sijafungua mdomo.

"Najua kidogo," nikasema.

Uongo mtupu. Kompyuta nilikuwa nimeiona dirishani mwa duka, basi. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na jioni ile ile nikashika njia kwenda Kawangware kutafuta chuo.

Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya kinu cha kusaga unga. Ulivua viatu mlangoni kama mtu anayeingia msikitini, kwa sababu vumbi, tuliambiwa, ni sumu ya kompyuta, ingawa unga wa mahindi ulipanda kutoka chini kupitia nyufa za mbao na kutua juu ya kila kitu. Kompyuta zilikuwa tatu, zimefunikwa vitambaa vya kufumwa vya sebuleni. Wanafunzi tulikuwa kumi na wawili. Aliyekuwa hajapata zamu alipewa kadibodi iliyochorwa herufi za kibodi, akae kwenye benchi abofyebofye.

Mwalimu alikuwa kijana wa pale pale Kawangware, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Sasa, siste? Unataka kusoma nini?"

"Slaidi."

"Slaidi tu? Huanzi na kuandika barua?"

"Slaidi tu. Na niko na wiki tatu."

Akacheka, lakini akanipa zamu. Niliketi kwenye ncha ya kiti mbele ya ile mashine. Taipuraita naijua: nikikosea, nimeharibu karatasi. Hii ilikuwa mali ya mtu, ghali kuliko kila kitu nilichowahi kukishika, na vidude vya kubofya vilijaa juu hadi chini, na sikujua kipi kati ya hivyo kingeiua. Nilishika mausi kwa vidole viwili. Mwalimu akaniambia nisiogope, haing'ati. Kila mtu mwenye kutuambia tusiogope huwa tayari ameshazoea.

Nilijifunza kufungua slaidi mpya, kuandika kichwa cha habari juu na maelezo chini, kuweka rangi nyuma, na kubofya ili slaidi ijaze kioo chote. Zaidi ya yote nilijifunza kuhifadhi. Kinu kule chini kilipowashwa, umeme ulizirai na kompyuta zote tatu zikazimika. Kwa hiyo tulifanya kazi huku sikio liko sakafuni. Debe la mahindi liliposikika likimiminwa, mwalimu alipiga kelele "Sevu! Sevu!" na sisi watatu wenye zamu tukakimbizana na mwenye kinu. Mara mbili alinishinda, na slaidi zangu zikapotea.

Wiki ya pili nilibofya kitu, sijui nini hadi leo, na kibandiko cha kijivu kikajitokeza katikati ya kioo na maneno ya Kiingereza. Kilisema kwamba kumefanyika tendo lisilo halali. Nilikisoma mara moja tu. Kwetu Gatwekera maneno ya namna hiyo yalikuja na gari la polisi, na hakuna aliyengoja kueleza. Nilisimama, nikatoka, nikashuka ngazi miguu mitupu hadi barabarani, viatu vyangu nimeviacha mlangoni. Mwalimu akanifuata navyo mkononi.

"Auntie, rudi! Hiyo ni kawaida yake. Hata mimi huniambia hivyo kila siku."

Nilirudi. Darasa zima lilikuwa likicheka, nami nikacheka nao, lakini usiku nilikuwa nikiamka nikiziona zile herufi.

Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa na slaidi saba. Zilipendeza. Nilikuwa nimezipanga kama nilivyofundishwa na mama kupanga kichwa cha barua: unahesabu herufi za maneno, unagawa kwa mbili, unasogea nafasi kwa nafasi mpaka maneno yakae katikati kabisa. Kwenye mwisho wa kila mstari nilibofya kushuka, kama ninavyosukuma mkono wa taipuraita. Mwalimu, mwenye watu kumi na mmoja wengine wa kuangalia, aliona zimenyooka akanisifu. Hakuniuliza nimezinyoosha vipi, na mimi sikuuliza kama kuna njia nyingine. Kuuliza si ujinga, tunasema, lakini mwenye kujificha haulizi. Nikaziweka kwenye disketi, nikaifunga kwa mfuko wa nailoni mara tatu.

Alhamisi mama akaacha kupiga taipu, akanigeukia.

"Mwanangu, umekonda. Hiyo kitu iko tayari?"

"Iko tayari, mama."

"Nisomee yenye umeandika."

Nilikuwa na maneno yote kwenye daftari. Nikamsomea, naye akayapiga kwenye stensili, na mkubwa alipotoka kwenda kula, akazungusha mashine ya kurudufu ya ofisi hadi akapata nakala thelathini. Nilimwuliza za nini.

"Stima ya Nairobi naijua kabla yako," akasema, akazifungia kwenye droo yake.

Ijumaa umeme haukupotea. Madirisha ya chumba cha mikutano tulikuwa tumeyaziba kwa mashuka. Wafadhili walikuwa sita, wameketi mbele, na nyuma yao wahudumu wetu wa afya kutoka Kibera na Kawangware wakiwa na nguo za kanisani. Nikaingiza disketi kwenye kompyuta ya kukodi na kufungua slaidi ya kwanza.

Kichwa cha habari kilikuwa kimekatika. Nusu ilikuwa juu kwenye ukingo wa kulia, nusu imeangukia chini kushoto. Mistari iliyofuata ilikuwa na neno moja hapa, matatu pale, mingine imetoka nje ya slaidi ikapotelea gizani. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mashine ile haikuwa na aina ya herufi za kule chuoni, ikaweka zake zilizo pana, na nafasi zangu zote za kuhesabu zikawa bure. Wakati ule sikuelewa lolote. Nikabofya ya pili, ikawa mbaya zaidi. Mfadhili mmoja aliinamisha kichwa pembeni ajaribu kuisoma.

"Hii ni nini?" mkubwa akaninong'oneza. "Rekebisha!"

Nilisukuma mausi huku na huku, na mshale wake ukawa unakimbia ukutani, kila mtu anauona. Nilimwona mdogo wangu akirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa karo. Nilijiona nikipanda basi la kurudi ziwani na godoro langu.

Ndipo mlango ukafunguliwa na mama akaingia na zile nakala. Hakuzigawa. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akaniwekea mikononi.

"Gawa wewe," akasema polepole. "Kazi ni yako."

Nikagawa. Mkubwa akachukua nakala yake, akasafisha koo, akasoma kutoka mwanzo hadi mwisho kana kwamba ndivyo ilivyokuwa imepangwa. Wageni walifuata kwa kalamu, wakaweka alama, wakauliza maswali. Yule aliyekuwa ameinamisha kichwa alisema wakati wa chai kwamba anapenda ofisi inayompa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Mkubwa alikuja kwangu uso unang'aa.

"Nani alifikiria hizi karatasi?"

Mama alikuwa hatua mbili kutoka hapo, ameshika birika, anamwagia wageni chai. Jina lake lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilikuwa na muda wa kutosha kulisema, kweli nilikuwa nao, na kila nilipolikumbuka tangu siku hiyo muda huo umezidi kuwa mrefu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliona ni vizuri wageni wawe na kitu mkononi."

"Safi sana," akasema. "Hivyo ndivyo kufikiria."

Mama aliendelea kumimina. Kikombe kilijaa, akaenda kwa kingine.

Jumatatu nilifika nikiwa nimejitayarisha kumwomba msamaha, na kwenda kwa mkubwa kumweleza. Mama akanisalimu kama kawaida na kunikatia nusu ya chapati. Nikaila. Nikajiambia kesho. Nilikuwa namwogopa mkubwa kuliko nilivyoiogopa kompyuta, kwa maana nikisema ukweli, angeona waziwazi kwamba mwenye akili ya kazi si mimi. Kesho ikazaa kesho nyingine, hadi wiki ya mwisho ya mwezi, ambapo ofisi ililetewa kompyuta yake yenyewe, ikawekwa juu ya meza yangu.

Barua ya kwanza niliyoandika kwa kompyuta ile ilikuwa ya mama. Mkubwa alinipa rasimu ya mkono, mistari sita, ya kumshukuru kwa utumishi wake na kumwarifu kwamba nafasi yake haipo tena. Niliiandika bila kosa hata moja. Mkubwa akatia sahihi, akasema, "Mpelekee tu, mimi natoka."

Nikampelekea. Aliisoma akiwa amesimama, miwani yake kwenye ncha ya pua, kisha akaikunja mara nne na kuitia mkobani. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Na wewe je?" akaniuliza. "Wamekuandikia pia?"

"Hapana, mama. Mimi nimebaki."

Akashusha pumzi na kunishika bega.

"Basi Mungu asifiwe," akasema. "Nilikuwa naogopa wametufukuza wote wawili."