Ng'ombe Wako Sola, Pamba Imekwenda

Ng'ombe wangu walipokula mpunga wa jirani, mahakama ilisema nimlipe. Nikakataa. Zizi lile nimelijaza mwenyewe, nimeanza na mbuzi mmoja, darasa la pili sikumaliza. Watu wa mjini Bariadi wasinipangie mifugo yangu.

Nilijua dalali wa mahakama atakuja kukamata ng'ombe. Sisi Wasukuma ng'ombe hatuwaweki wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia, wengine wako salama kwa rafiki. Safari hii nikawaswaga wote mpaka kwa rafiki yangu wa kijiji cha Sola. Dalali alipofika alikuta samadi. Nikampa kiti, akakaa kidogo, akaondoka. Nilicheka siku nzima.

Wakati huo pamba yangu ilikuwa imeshapimwa, kampuni iliyoinunua bado haijanilipa. Hela ile ilikuwa ya bati. Nyumba yetu ya nyasi inavuja, mke wangu analala na beseni miguuni, na nilimwahidi kwamba mvua zijazo hatalowa. Wenzangu wakalipwa, mimi kimya. Nikawafuata kampuni, wakasema hela yangu wameagizwa waipeleke mahakamani.

Karani wa mahakama, binti mdogo, alinisalimia mwangaluka kwa heshima kabisa. Akaeleza kwamba hela unayomdai mtu ni mali yako kama ng'ombe, nayo inakamatwa. Jirani ameshalipwa kwa hela hiyo.

"Hela sijaishika," nikamwambia. "Mmeikamataje kwangu?"

"Hatukuikamata kwako, babu. Tuliikamata kule ilikokuwa."

"Na ilikuwa ya nani?"

"Yako."

Nikatoka, nikasimama na baiskeli yangu bila kuipanda. Ng'ombe mwenye pembe na mkia hawakumwona. Kitu ambacho hata mimi sijakitia machoni, hicho wamekiona. Mpaka leo sielewi.

Mke wangu alikuwa anachambua choroko nilipomweleza. Hakunigombeza. Aliuliza kama deni la jirani limekwisha. Nikasema limekwisha lote.

"Sasa ng'ombe wanamkimbia nani?"

Asubuhi nikashika njia ya Sola kuchukua dume nikauze mnadani, ninunue bati. Njiani wasiwasi ukaniingia. Ng'ombe wale hawana karatasi, ni neno la rafiki tu, na mimi sikujua tena mali inakaa wapi. Nilipofika sikuwahi hata kueleza. Rafiki yangu alishaondoa miti ya mlangoni mwa zizi, akaniuliza namtaka yupi.