Nati Yenye Masikio

Mwanangu, wazee wa huku kwetu wakitaka kumpa mtu nasaha humkalisha kwanza, wakakohoa kidogo, ndipo wakaanza na ujana wao wa zamani. Mimi ujana wangu ndio ninao sasa hivi. Nipo kidato cha tatu, na wewe hata kuzaliwa hujazaliwa. Lakini nimeona jinsi watu wazima wanavyosahau. Nikimuuliza mama alikuwaje alipokuwa na umri wangu, anasema alikuwa mtiifu, basi, kama vile hakuwahi kuogopa wala kuona aibu. Kwa hiyo nakuandikia mapema, kabla sijasahau ile Jumamosi dada yangu Tekla alipokuwa anaolewa, ikanibidi nimwambie mtu mzima kwamba anapiga nyundo upande usio wake.

Nianze na Babu, maana bila yeye nisingejua lolote. Babu yangu, mzaa mama, alikuwa fundi wa magari kule kwenye mashamba ya miwa, Kidatu. Alipostaafu akahamia Kiberege kulima mpunga, akaja na gari dogo la spoti aliloachiwa na bosi wake mmoja aliyerudi kwao Ulaya. Ni gari la watu wawili, halina paa, na kwa barabara zetu halifai kitu. Msimu wa mvua linalala bandani na kuku. Lakini arusi ikitokea, watu wanatoka Ifakara kuja kumbembeleza Babu, kwa sababu bibi arusi akikaa mle na shela lake linapepea, kijiji kizima kinasimama.

Magurudumu yake hayafanani na ya magari mengine. Gurudumu la gari la kawaida lina nati nne au tano. Hili lina nati moja tu, kubwa, katikati kabisa, na nati yenyewe ina masikio mawili. Huifungui kwa spana, unayapiga masikio kwa nyundo ya shaba mpaka inalegea. Babu alinifundisha likizo zote mbili za mwaka jana. Akaniambia, "Leka, kwenye gari hili sahau habari za kulia na kushoto. Kuna mbele na nyuma. Sikio la juu ukilipiga kuelekea pua ya gari, unafungua. Ukilipiga kuelekea mkia, unakaza. Upande wowote utakaosimama, ni hivyo hivyo."

Na alikuwa na sharti jingine. Kila hatua uitamke kwa sauti kabla hujaifanya. Unasema "mbele!" ndipo unapiga. Unasema "nashusha!" ndipo unalegeza jeki. Mimi nilikuwa nasema, lakini moyoni, au kwa kunong'ona. Mwanangu, mimi ni yule mwanafunzi anayelijua jibu halafu anasubiri mwingine alitaje ili atikise kichwa tu. Siku moja nilipiga nyundo bila kusikika, na Babu mkono wake ulikuwa bado upo kwenye gurudumu, akauchomoa dakika ile ile. Hakunipiga. Aliketi juu ya tairi akanitazama.

"Nyundo yako inasikika mpaka sokoni," akasema. "Wewe mwenye nyundo husikiki hapa. Sasa vidole vyangu vitajuaje?"

Nikasema, "Samahani, Babu."

"Hata hiyo samahani sijaisikia. Mjukuu wangu, upole si kosa. Lakini anayefanya kazi na wenzake, sauti yake ni sehemu ya kazi. Ukiibana, umefanya nusu."

Nililia siku ile, nikiwa nyuma ya banda, nikidhani Babu amenichukia.

Sasa arusi. Padre wa Ifakara alikuwa ametuambia wazi: anafungisha saa nne, halafu anaondoka kwenda Idete, ambako walikuwa wanamsubiri kwa ibada. Na Jumatano iliyofuata ilikuwa ya majivu. Kwaresima ikianza hakuna arusi mpaka Pasaka ipite, na upande wa bwana arusi walishaanza maneno kwamba sisi ni watu wa kuahirisha. Mara ya kwanza tuliahirisha kwa sababu ya msiba, sasa je, mtu aahirishe tena? Dada alikuwa amekonda kwa wasiwasi. Alisema, "Hii ikishindikana, shangazi zake watamtafutia mwingine kabla ya Pasaka." Nadhani alikuwa anatania, lakini usiku nilimsikia hajalala.

Asubuhi ile Babu akaamka na homa kali. Akamwita mjomba Damasi, kaka yake mama, ambaye ni dereva wa malori ya miwa na mtu wa vichekesho, akamkabidhi ufunguo. Akasema, "Damasi, gari nakupa wewe. Magurudumu nampa Leka." Mjomba akacheka, "Basi na petroli mpe kuku." Babu hakucheka.

Kwa hiyo pikapu yenye akina mama ikatangulia na vigelegele vyake, sisi tukafuata. Dada kiti cha mbele, mjomba kwenye usukani, mimi nimejikunja kwenye kijinafasi nyuma ya viti, kile cha kuwekea begi, nimekumbatia shela lisiguse tope. Tulipoiacha Kiberege na kuingia katikati ya majaruba ya mpunga, gari likaanza kuyumba. Pancha. Gurudumu la nyuma, upande wa kulia.

Mjomba akaruka chini. "Msiogope, hii niliwahi kuibadilisha siku ya arusi ya mwalimu." Akachukua nyundo, akaweka jiwe mbele ya gurudumu jingine, akaanza kugonga nati. Akagonga kushoto, kama fundi yeyote anavyofungua nati yoyote. Mwanangu, hakukosea kwa ujinga. Siku ya arusi ya mwalimu pancha ilikuwa upande wa kushoto, na upande ule kushoto ndiyo mbele. Lakini upande huu wa kulia, kushoto ni nyuma. Kila alipogonga, alikuwa anakaza.

Niliona tangu pigo la kwanza. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia, ni mjomba, ana malori, ataona mwenyewe. Akagonga tena. Jasho likamtoka. Wakulima wawili waliokuwa wanapalilia wakatoka jarubani na baiskeli yao, wakasimama kutazama.

"Imeshika kutu hiyo," akasema mmoja.

"Lete mti tuongeze nguvu," akasema wa pili. Halafu akamtazama dada, akatabasamu. "Au bibi arusi tumpakie kwenye baiskeli? Kariea yetu ngumu, imebeba magunia ya mpunga."

"Na hilo gauni likiingia kwenye cheni?" akauliza mwenzake.

"Tutamwambia bwana arusi ndiyo mtindo wa Kiberege."

Mjomba akacheka, lakini dada hakucheka. Alikuwa amejishika mikono, machozi yanataka kutoka, poda yote itaharibika. Aliponitazama, nilijua kwamba nikinyamaza kidogo tu tena, mjomba atapiga mpaka masikio ya nati yavunjike, na hapo hakuna arusi.

Nikasema, "Mjomba, shikamoo."

Akageuka. "Leka, umerogwa? Si tumesalimiana nyumbani?"

Ni kweli, tulikuwa tumesalimiana. Ila sikujua namna nyingine ya kuanza kumsahihisha mtu mzima, mdomo ukatoa shikamoo. Wakulima wakacheka sana. Masikio yakaniwaka moto. Lakini sauti ilikuwa imeshatoka, nikaona niendelee nayo.

"Mjomba, unakaza. Ni kama pedeli ya kushoto ya baiskeli."

Yule mwenye baiskeli akatazama pedeli yake. Nani wa bonde hili hajawahi kuhangaika na pedeli ya kushoto? Utaivuta kama nati nyingine mpaka uchoke, kumbe yenyewe inafunguka kinyume.

"Anasema kweli huyu," akasema mkulima. "Kama ni ya namna ile, utakesha hapa."

Mjomba Damasi akaitazama nati, akanitazama mimi, akaninyooshea nyundo. "Haya, fundi Leka. Toa amri."

Nikasimama, nikasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mbele!" Nikapiga. Haikutikisika, maana mjomba alishaikaza vizuri. Akaniambia, "Nipe, wewe sema." Nikasema mbele, akapiga. Mbele, akapiga. Ikalia kama kengele, ikalegea.

Kuanzia hapo tulikwenda haraka, lakini haraka ile haikuwa ya kukimbiakimbia. Nilitamka, yeye akafanya. "Pandisha!" Jeki ikapanda. "Toa nati! Vuta gurudumu!" Likatoka. Mjomba akataka kulivalisha la spea hapo hapo, nikasema, "Bado!" Nikachukua kitambaa nikafuta tope kwenye meno ya ndani, yale yanayoshikana na ekseli, maana Babu alisema chembe ya mchanga ikibaki pale gurudumu linakaa upande huku wewe unadhani limekaa sawa. Nikapaka grisi kidogo. Gurudumu likaingia, likakaa. Nati nikaizungusha kwa mkono mpaka ikagoma yenyewe. "Nyuma!" Akapiga. "Nashusha!" Tairi likagusa chini. "Nyuma!" Akapiga tena kwa nguvu zake zote. Wakulima wakapiga makofi, tukapanda, tukaondoka.

Unadhani imeisha? Hata mimi nilitamani iishe. Lakini nati ya namna ile, gurudumu likishatembea kidogo, linajipanga upya na nati inaweza kuachia. Babu alinieleza: simama, ikaze tena, ndipo uwe na amani. Na sisi tulikuwa tumechelewa, mjomba anakanyaga mafuta, dada anatazama saa ya mkononi aliyoazimwa. Tulipovuka daraja dogo nikasema, "Mjomba, simama."

"Nini tena?"

"Tukaze nati."

Dada akageuka, shela na yote. "Leka, ukinikosesha padre sitakusamehe mpaka kufa."

Hilo liliniuma kuliko kichekesho cha shikamoo. Lakini nilimwona pia akiwa ndani ya gari lililopoteza gurudumu katikati ya mwendo, na gauni lile. Nikasema, safari hii bila kunong'ona, "Dada, usinisamehe. Mjomba, simama."

Akasimama. Nikaruka na nyundo, nikasema nyuma, nikapiga. Nati ikasogea. Haikusogea kidogo, mwanangu, ilisogea mpaka mjomba aliyekuwa anachungulia akasema, "Mungu wangu." Nikapiga mpaka ikakataa. Nilipopanda, dada alinyoosha mkono nyuma akanishika kidole cha shahada, akakishikilia mpaka Ifakara.

Kanisani tulimkuta padre ameshafunga mkoba wake nyuma ya pikipiki, na bwana arusi, Gaspari, mtu mpole kuliko hata mimi, amekaa juu ya ile pikipiki na suti yake. Hashuki. Padre anambembeleza, "Gaspari mwanangu, Idete wananisubiri." Naye anasema, "Ndiyo, baba," na hashuki. Padre alipotuona akafungua mkoba akatoa stola yake, ule utepe wa kuvaa shingoni. Arusi ikafungwa.

Sasa nakuambia ninachotaka ukishike, mwanangu. Kufanya jambo upesi kunatokana na kujua kinachofuata na kumwambia mwenzako, ili mikono minne iwe na akili moja. Usiruke hatua kwa sababu watu wanakupigia kelele. Hatua utakayoiruka ndiyo itakayowafuata njiani. Unapomwona mkubwa wako anakosea kitu unachokijua, mheshimu, na umwambie. Mwambie kwa jambo analolifahamu, usimwambie kwa dharau, na usingoje avunje kitu ndipo uonekane wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Na ukimcheka mtu mwenye aibu, basi msubiri amalize sentensi yake, huenda ndiyo uliyokuwa unaihitaji.

Mimi bado naona aibu. Juzi darasani nilinyoosha mkono, nikaushusha, nikaunyoosha tena. Nimeanza.

Nenda, mwanangu, popote utakapokuwa. Mungu akupe kazi unayoipenda na watu wa kuifanya nao. Akupe ulimi mpole usiokauka unapohitajika, na mjomba anayekubali kukabidhi nyundo. Barabara zako ziwe kavu, na kila unayemwahidi kufika, akukute umefika mzima.