Jina la Mzee wa Sori Katika Wimbo wa Binti Yangu

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, mkulima na mpiga gita wa upande wa Homa Bay. Nina mke mmoja. Mtoto wetu wa pekee, msichana, alikufa kwa surua kabla hajaanza shule.

Nilimtungia wimbo wa kumlilia. Nikauza fahali, nikaenda Nairobi kuurekodi kwa gharama yangu, nikarudi na masanduku ya santuri. Kampuni sina, wa kunitangaza sina. Nilizifunga kwenye baiskeli mpaka Migori, nikawaomba wenye hoteli waupige kwenye gramafoni mlangoni. Hoteli zikajaa, chai ikanyweka, santuri nikarudi nazo nyumbani. Zilianza kutoka nilipokwenda kuimba matangani. Wenye msiba wakaniomba nitoe jina la mtoto, niweke la marehemu wao. Nikakubali. Wakilia sana, wananunua sana. Siku hizi sisikii kitu moyoni. Naimba huku nawaza palizi.

Mwezi uliopita tulimkumbuka binti yetu, mke wangu akaniomba nimwimbie kaburini. Nikaimba vizuri tu. Nilipofika penye jina, likatoka la mzee mmoja wa mji wa Sori niliyemwimbia matangani wiki ile. Nikaendelea hadi mwisho bila kujua. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Wewe, unaimbia mzee ya watu kwa kaburi ya mtoto yangu?"

Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Nilimjibu tu, "Nimechoka, mama."

Sasa mwana wa huyo mzee, mwenye duka kubwa Sori, anataka nirekodi wimbo upya. Aliniambia, "Toa hiyo jina ya mtoto kabisa, weka ya baba. Santuri zote nitauza mimi kwa duka." Hiyo ndiyo nafasi niliyoitafuta tangu mwanzo, na sijui kama itakuja nyingine. Mke wangu hajanikataza. Amefua shati langu la safari, akalikunja, akaliweka kitandani, akaenda shambani. Naogopa nikienda sitamkuta. Lakini hata hofu hiyo naijua kichwani tu, moyoni haijafika.

Nishaurini jamani, nipande basi au nikae? Na wewe mhariri, jina langu lifiche. La mtoto usilifiche. Aliitwa Achieng.