Mgonjwa Ni Mie

Jumatatu nilimsindikiza baba mkwe kliniki ya askari wastaafu, Temeke. Pale wake ndio hupanga foleni. Waume hukaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Mbele yangu mama mmoja alisukuma faili dirishani.

“Shikamoo mama. Mzee yuko wapi?” karani akauliza bila kuinua macho.

“Marahaba. Mzee yuko nyumbani Boko, anapika. Mgonjwa ni mie. Nililipukiwa na bomu kazini, nikaumia kichwa.”

Karani akatazama picha kwenye faili, akamtazama yeye.

“Samahani mama. Kuna mazoezi ya ubongo, na kuna mazungumzo ya kikundi. Ila kikundi chenyewe ni cha wanaume.”

“Vitani nilikaa nao handaki moja. Niandike.”

Akamwandika. “Uje Alhamisi saa tatu, chumba namba saba. Usisahau.”

Mama akatoa daftari kwenye pochi, akalisukuma kwa vidole viwili. “Niandikie humu, mwanangu. Ningekuwa sisahau, ningekuja hapa kufanya nini?”

Zamu yangu ikafika. Karani akainua macho, akanitazama vizuri.

“Shikamoo dada. Mgonjwa ni wewe?”

Mie mzima, lakini niliona kumbe matibabu yameshaanza, tena upande wa pili wa dirisha.