Mkufunzi wa uokoaji kaokolewa mtoni leo

Leo nimemwona mkufunzi wa uokoaji akiokolewa na mama aliyekuja kunywesha ng'ombe.

Mto Simiyu umejaa tangu juzi, na jamaa katoka mjini kutufundisha kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia, kwenye maji yanayokimbia. Helmeti, miwani, filimbi shingoni.

Salamu zetu hakuitikia. Labda hazimo kwenye mtaala.

Somo lilikuwa hivi: Masanja mwenzetu apindue kayaki makusudi, mkufunzi amrushie kamba kutoka ukingoni.

Mkufunzi akajizungushia kamba mkononi mara tatu.

Mayu Kabula, yule mama mwenye ng'ombe, akamwambia taratibu, "Baba, usijifunge mkono. Ikivuta itakubeba."

"Mama, hii siyo kamba ya ng'ombe."

Sawa.

Masanja akapinduka, akadaka kamba, maji yakamvuta. Mkufunzi akamfuata kifudifudi, mkono umenaswa, na mbele yao ni mawe matupu.

Hapo niliacha kucheka.

Mayu Kabula akamkamata mkufunzi jaketi kwa nyuma, akakaa chini kwenye tope, akakaza visigino. Kamba ikakazika, na maji yenyewe yakamsukuma Masanja hadi ukingoni.

Mkufunzi akatema tope, akasimama. "Mmeona? Hilo ndilo kosa nililotaka kuwaonesha."

Watu wakapiga makofi. Watu wazima na akili zao.

Mayu Kabula akaswaga ng'ombe wake, akaondoka.

Sasa nafungua simu, nakuta Masanja kaweka picha amemkumbatia mkufunzi: "Huyu ndiye aliyeniokoa."

Nisaidieni, hapo chini nimwandikie nini?