Upande wa Ulimi

Mume wangu hakuangalii machoni. Ukiongea naye, macho yake hushuka kidogo yakatua mdomoni mwako, na wageni wengi humdhania ana haya au ana dharau. Hana hata kimoja. Ni fundi wa meno bandia, mwaka wa thelathini na moja huu, na mtaani wanamwita Gego. Nami mkewe nasema mapema ili tusije tukabishana baadaye: mkono kama wake sijauona, na anayebisha aje na meno yake tuyakague.

Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya kliniki ya meno. Kina dirisha linalotazama ukuta, meza iliyojaa madoa ya plasta, na rafu ya vinywa vya watu. Vinywa kweli, vya plasta nyeupe, taya la juu na la chini, kila kimoja na namba yake. Daktari huchukua alama ya kinywa cha mgonjwa, Gego huimiminia plasta, halafu hujenga kwa nta kile kilichopungua kabla ya kukitengeneza chenyewe. Anayeshukuriwa ni daktari. Gego wateja wake hata sura hazijui, ila mpe kinywa cha plasta atakwambia huyu hutafunia kushoto, huyu husaga meno usingizini, na huyu mama ana hasira za karibu.

Tulipokuwa wachumba alinifundisha meno kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Wenzangu waliletewa manukato, mimi nililetewa jino la mbele la ukubwa wa kiganja, limechongwa kwa kisu kidogo. "Hili ni taji, ndilo linaloonekana," aliniambia. "Hapa linapobana ni shingo. Chini ni mzizi, umezama kwenye mfupa." Nikamwambia mbona hata mimi nimeumbwa hivyo hivyo. Hakucheka, alikuwa kazini. Akaendelea kwamba jino la mbele lina makali ya kukatia na pande nne. Upande wa midomo ndio unaotazama watu. Ubavuni ziko mbili, mmoja unaelekea katikati ya uso na mwingine unaelekea nyuma kwenye magego. Wa nne ni upande wa ulimi. Magego badala ya makali yana uwanja wa kutafunia, una vilima na mabonde. "Mafundi wengi wanauremba upande wa midomo," alisema, "lakini wa ulimi ndio mwenye jino anaishi nao." Nilifulia lile jino wiki mbili. Mama akaniuliza sabuni gani hii yenye mzizi.

Sasa wifi yangu. Huyu ni dada mkubwa wa Gego, mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita. Nisiseme uongo, hatuivi sana chungu kimoja. Yeye anaona nilimnyang'anya mdogo wake, mimi naona ana amri nyingi hata akiwa mgeni kwangu. Lakini darasani namvulia kofia. Mtoto akipita mikononi mwake anatoka anasoma, awe mtundu, awe mzito, anasoma.

Mwanzoni mwa muhula uliopita aliteleza kwenye ngazi za shule, zimetoka kupigwa deki, akaangukia uso. Meno manne ya juu, ya mbele, yakaenda. Gego aliyafanyia kazi mengine manne wiki nzima. Rangi peke yake aliichanganya mara tano, kwa kuwa jino halina rangi moja. Shingoni lina umanjano, na ukifika kwenye makali linakaribia kuwa kioo, maana pale ni enameli tupu, lile ganda gumu la nje, haina kitu nyuma yake. Alitafuta picha za zamani akaona jino la pili la kushoto la dada yake lilikuwa limepinda kidogo, basi na yeye akalipinda. Wifi alipojitazama kwenye kioo machozi yalimtoka. Kisha akafungua mdomo kusema asante, na ile asante ikapiga mluzi.

Daktari akasema atazoea. Hakuzoea. Kila penye sauti ya "sa" au "si" pana mluzi, na yeye kazi yake ndiyo hiyo, kutamkia watoto sauti za herufi kutwa nzima. Baada ya wiki mbili wazazi wakaanza kulalamika kwamba hata watoto nyumbani wanapiga mluzi. Darasa zima la watoto arobaini likisoma pamoja unasikia birika limechemka. Mkuu wa shule si mtu mbaya. Alimwita akamwambia, "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini hawa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Ijumaa wazazi na ndugu wanakuja kusikiliza, na mimi nitakuwepo. Kama hali ni hii hii, itabidi nikuhamishie stoo ya vitabu."

Jumatatu alasiri akaja kwetu. Hakuniuliza kwa nini mapazia yangu hayajafuliwa, ndipo nikajua mambo ni mazito. Alikaa, akavua yale meno, akayaweka mezani mbele ya mdogo wake.

"Nilikuwa najua kazi moja tu duniani," alisema, mdomo wazi pale mbele. "Nirudishie."

Kesho yake tulikwenda karakana watatu, maana alinishika mkono akasema peke yake haendi. Gego aliyakausha yale meno pamoja na bamba la rangi ya ufizi linaloyashikilia, lile linalokaa kwenye kaakaa. Upande wa ulimi akaupaka poda nyepesi sana. "Dada, vaa. Sema 'sasa' mara moja, usimeze mate, halafu vua." Ulimi unapogusa, poda inafutika. Tukainama wote. Akatuonyesha kwamba katikati panatakiwa pabaki njia ya kupitisha pumzi, na kwa dada yake njia ilikuwa nyembamba kama uzi. Hewa inajibana pale, inalia.

Akachukua kipimo chake cha chuma, akapima unene. Akapima tena. Nikamuuliza kuna nini.

"Jino la mbele kwa nyuma lina kibonde, kama kijiko," alisema. "Nalijua hilo tangu sijaota ndevu. Na mimi hapa nimekijaza. Nimeweka unene mara mbili."

"Kwa nini?" wifi akauliza.

"Niliogopa yasivunjike. Kila nilipokuwa napiga nta nilikuona kwenye zile ngazi."

Nilimsubiri wifi ampe vidonge vyake. Hakumpa.

"Basi punguza," alisema. "Nikianguka tena nitaanguka mwenyewe, si juu yako."

Kupunguza ni neno rahisi. Akizidisha, bamba linapasuka, na mengine yasingewahi Ijumaa. Jumatano nzima aliyakwangua kidogo, akapaka poda, dada akasema "sasa", akakwangua tena. Akakirudisha kibonde, akaacha kingo zake mbili za ubavuni na kile kivimbe kidogo kilicho karibu na ufizi, vitu ambavyo hakuna atakayeviona maisha yake yote. Mara kumi na moja. Ya kumi na moja wifi akasema "sasa", na ikawa "sasa" tu. Akairudia. Nilitoka nje kujifanya natafuta maji ya kunywa.

Ijumaa asubuhi tuliketi nyuma ya darasa, Gego kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamefika masikioni. Ubaoni wifi alikuwa ameandika: Sisi sote tunasoma sasa. Mkuu wa shule akasimama mbele na daftari lake, akawaambia watoto wasome.

Birika likachemka. Darasa zima, mluzi mtupu. Mkuu akatikisa kichwa, akafunga daftari. Wifi alisimama pale na chaki mkononi kama mtu aliyesomewa hukumu.

Gego akainuka. "Mkuu, samahani. Waambie watabasamu."

"Wewe ni nani?"

"Fundi wa meno."

Wifi ndiye aliyeelewa kwanza. "Watoto," alisema, "onyesheni meno."

Wakafunua midomo, na ilikuwa mapengo kila upande. Wana miaka sita na saba, meno ya utoto ya mbele yameng'oka. Wengine hawana kitu kabisa, wengine jipya ndio linachungulia, makali yake bado yana vinundu vitatu kama msumeno mdogo. Mkuu alipita mstari wa kwanza akiinama, akapita wa pili. Miaka yote amekuwa akikagua madaftari ya watoto, midomo yao hajawahi.

"Hawakumwiga mtu," Gego alisema. "Meno yakishuka, wataacha."

Wazazi wakaanza kucheka, kila mmoja anamtazama wake. Mkuu hakucheka. Akarudi mbele.

"Na wewe, Mwalimu? Soma peke yako."

Wifi akasoma mstari ule polepole, neno kwa neno, kama anavyowasomea watoto siku zote. Yalisikika maneno, hakukuwa na kingine. Gego alikuwa amefumba macho. Nilimshika mkono, na sikujali nani anatuona, maana sijawahi kumwonea fahari mtu namna ile.

Mkuu alimsogelea wifi, akamtazama mdomoni.

"Samahani, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Ya bandia ni yapi?"

"Muulize mdogo wangu, ndiye aliyeyatengeneza," wifi akajibu. "Mimi nimeshasahau."

Kisha akageukia ubao, kwa sababu kipindi kilikuwa hakijaisha.