Miaka Niliyofunga Nzi Maskati

Siku ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Karani wa kambi ya kampuni ya mafuta, Mzanzibari mwenzangu aliyenitangulia kufika Maskati, alinishika mkono mlangoni pa ofisi akaninong'oneza, "Bwana Mkubwa anataka mtu wa kufunga nzi. Nimemwambia weye fundi wa kofia, una mkono."

"Nzi nitawafunga kwa kamba au kwa minyororo?" nikamuuliza.

"Mzaha wako uache hapo nje. Kazi hakuna, ati."

Ulikuwa mwaka wa sitini na nne. Nilikuwa nimeshuka Maskati na nguo nilizovaa na sindano zangu za kushonea kofia. Unguja tukiitwa Waarabu. Hapa nilipofungua kinywa watu walicheka Kiarabu changu cha chuoni wakaniita Mzinjibari. Nikaingia ofisini.

Bwana Mkubwa alikuwa Mwingereza, mkuu wa kambi ile, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Aliwahi kufanya kazi Kenya, akajua Kiswahili cha kuamrisha. Mezani pake palikuwa na jiriwa ndogo, na meno yake yamebana ndoana nyembamba yenye ukubwa wa punje ya mchele. "Wewe tazama," akasema. Akazungusha uzi wa hariri kwenye ndoana, akatia unyoya, akazungusha tena, mpaka ile ndoana ikawa kidudu chenye mbawa na miguu. "Hii nzi. Samaki nafikiri nzi ya kweli."

Basi ndiyo kazi niliyoajiriwa. Mchana nilitunza zana za uvuvi za wakubwa wa kambi, na saa zote zilizobaki niliinamia jiriwa. Vijana wa leo wakiona nzi hao madukani, wamepangwa kwenye vijisanduku, hawajui kwamba kila mmoja alitoka mikononi mwa mtu. Kuna nzi wa juu, anayeelea, na nzi wa chini, anayezama. Wa juu anataka manyoya ya shingo ya jogoo, yale membamba yanayong'aa, kwa sababu hayalowi upesi. Uzi huupaka nta kwanza. Ukiukaza sana unakatika, ukiulegeza nzi anavuliwa nguo na samaki wa kwanza. Nilikuwa nikizunguka kwa wachinjaji wa Matrah kuomba shingo za majogoo, nao wakanipachika jina Bu Rish, yaani mwenye manyoya. Niliudhika, kisha nikazoea.

Kambi ilikuwa na bwawa nyuma ya bustani. Mkuu aliyetangulia alitia perege humo, wale samaki wa maji baridi, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Jioni Bwana Mkubwa husimama ukingoni na ufito wake wa mwanzi, akaurusha mshipi nyuma na mbele juu ya kichwa. Nzi hana uzito. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, na ujuzi wote ni kumtua nzi majini asishtue samaki. Mvua ikinyesha milimani tulikwenda pia kwenye vidimbwi vya mabondeni. Samaki akishika, Bwana Mkubwa humvuta, humtoa ndoana, humwangalia, humrudisha majini. Mzee mmoja wa Qantab, mvuvi wa baharini aliyeleta samaki jikoni, alisimama siku moja akatazama hayo mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huyu ana ugomvi gani na samaki, hamli wala hamwachi?"

Niliinama nikakunja mshipi. Nilikuwa na langu. Mama yangu alibaki Unguja peke yake. Kumwingiza mtu nchini zama zile kulitaka ruhusa, na ruhusa ilitaka mkubwa wa kumsemea. Wasafiri waliotoka huko walinifikishia maneno yake, na kila safari maneno yalikuwa yale yale: macho yanafifia, ukungu unazidi, nataka nikuone ningali naona. Niliogopa sana. Nikamwendea Bwana Mkubwa, akanisikiliza vizuri, nisimsingizie, akaniambia, "Mimi nasema kwa serikali. Mama wako nakuja." Baada ya hapo nikawa nafunga nzi kama mtu anayesali.

Mwaka wa sitini na saba alingojewa mgeni mkubwa kutoka Ulaya, mvuvi hodari. Bwana Mkubwa akaletewa kifurushi cha manyoya na nywele za kila namna, akaniwekea mezani fungu moja la nywele nyeupe, ngumu. Sisi washona kofia tuna tabia moja: uzi hatuuingizi sindanoni kabla hatujaulainisha kwa midomo. Hatufikiri, mkono unakwenda wenyewe kinywani. Nikachukua nywele kadhaa, nikazitia mdomoni nizinyooshe, nikaanza kufunga. Zilikaa vizuri ajabu.

Bwana Mkubwa akaja akainama begani kwangu, amefurahi. "Nzuri, eh? Nywele ya nguruwe. Maji hapana shika."

Nikatema. Sikugeuka, sikutafuta pa kutemea. Nilitema pale pale, na mate yakaangukia kiatu chake.

Karani alisimama, mkono kifuani. Mimi nilikwisha toka mbio kwenda bombani. Nikasukutua, nikachukua udongo, nikaosha mikono na kinywa mara saba kama nilivyofundishwa, machozi yananitoka kwa kinyaa. Niliporudi, Bwana Mkubwa alikuwa amefuta kiatu.

"Mimi nasamehe," akasema. "Sasa funga. Mgeni nakuja Ijumaa."

"Bwana, n'tafunga kwa nywele za mbuzi. Za ngamia. Nywele yoyote utakayo."

"Mimi hapana taka mbuzi."

"Basi hizi siziwezi."

Akazisogeza zile nywele mbele yangu. "Na mama wewe?"

Karani alinivuta nje. "Funga, bwana we! Vaa kitambaa mkononi ufunge. Mungu anajua una mama." Alikuwa akinitakia kheri, nami nikamkaripia kama adui. Nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, na dunia ilikuwa imeshaninyang'anya mengi. Nilijiambia hili halinitoki. Asubuhi yake niliweka funguo za kabati la zana juu ya meza, nikasema, "Kazi nyengine zote niko. Hii, hapana."

Nikahamishiwa stoo ya mabomba, huko juani. Bwana Stoo, Mhindi wa makamo asiyecheka, alinikagua toka juu mpaka chini. "Nimesikia habari yako. Huku kwangu hakuna kitu cha kutia mdomoni." Ndiyo karibu yake. Alikuwa mtu wa haki, akanifundisha kutofautisha bomba kwa kipenyo na kwa unene wa ukuta wake, na ujuzi huo ndio ulionilisha maisha yangu yote. Habari ya mama haikusemwa tena na yeyote. Bwana Mkubwa alikwenda likizo asirudi, akaja mkuu mwengine asiyenijua.

Mama alifika mwisho wa mwaka wa sabini, Sultani mpya alipoifungua nchi na watu wetu wakaitwa warudi.

Nilistaafu Rusayl, nikiwa mkuu wa ghala, nikafanyiwa hafla, nikapewa saa ya ukutani. Wajukuu na rafiki zao wakinijia hapa Qurum huniuliza kuhusu mabomba kwa adabu tu. Wanachotaka ni kisa cha nguruwe. Nikifika penye kutema hucheka, nikifika penye funguo husogea karibu, kisha huniambia nilisimama kama mwanamume. Karani naye alipokuwa hai alikisimulia hivyo hivyo harusini na matangani. Kuna sehemu ambayo hakuijua, maana hakuwapo.

Jioni aliyofika mama, nyumba ilijaa watu wa kumwamkia, na mmoja wao akamsimulia jinsi mwanawe alivyokataa mbele ya Mzungu. Wakamsifu kwa malezi. Mama alikuwa amekaa mkekani, uso umeelekea sauti zao, anaitikia "Alhamdulillahi". Alingoja mpaka wa mwisho wao akaaga na mlango ukafungwa.

"Miaka mitatu hiyo," akasema, "ndipo macho yalipokwenda."

"Najua, mama."

"Si ungefunga tu, baba, kisha ukatwahirisha mikono?"

Sikusema kwamba nilikosea, na leo sisemi. Sikusema kwamba nilipatia. Nilisogea mkekani nikakaa mbele yake, naye akanyoosha mkono kuutafuta uso wangu, akagusa bega kwanza.